Mtoto wa mashoto kwenye sinia: tumlazimishe mkono wa kulia au tumwache?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kwetu limeshaharibu mlo wa Idd.

Mwanangu ana miaka mitano. Tangu anatambaa, kila kitu anakishika kwa mkono wa kushoto: kijiko, penseli, mpira. Idd iliyopita tulikuwa kwa bibi yake mzaa mama. Tumekaa mkekani watu sita, sinia la pilau katikati. Tukanawa, tukapiga bismillahi, mtoto akatia mkono wa kushoto kwenye wali. Kaka yangu akamchapa kibao cha mkono. Hakumpiga kwa nguvu, lakini mtoto hakugusa chakula tena mpaka tunaondoka. Mama naye akanishauri nimfunge kitambaa mkono ule kila akikaa kula. "Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu."

Swali langu ndilo hilo: mtoto wa namna hii alazimishwe, au aachwe?

Mimi nasema hivi. Kwenye sinia la watu afundishwe mkono wa kulia, taratibu. Kwenye sahani yake mwenyewe, na kijiko chake, aachwe. Kumpiga na kumfunga, sikubali.

Naanza na upande wa mama, kwa sababu hoja yake ni nzito na vijana wengi wanaipuuza. Mkono wa kushoto kwetu ndio wa kutawazia. Mnapokula sinia moja, mkono wangu unaingia kwenye chakula chako, na wewe huna njia ya kujua nimenawa vipi. Ndiyo maana kuna ule utaratibu wote: unanawa mbele ya wenzako, unakula upande wako, hufukui katikati kutafuta nyama. Sisi Waislamu tuna hadithi ya Umar bin Abi Salama, aliyekuwa kijana mdogo mkono wake ukizunguka sinia zima, Mtume (SAW) akamwambia ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Lakini hili si la Waislamu peke yao. Ethiopia injera inamegwa kwa mkono wa kulia, Wahindu wengi wanakula kwa mkono wa kulia, na Ghana ukimpa mzee kitu kwa kushoto umemvunjia heshima. Hata lugha yetu imeshaamua: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina lake jingine, mkono wa kuume, limebeba uume na nguvu. Mkono wa pili haukupewa heshima hiyo.

Sasa upande wa mtoto. Takriban mtu mmoja katika kila kumi ni wa mashoto, na hakuchagua. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Queen's, Belfast, waliwafuatilia watoto 75 ambao walikuwa wameonekana kwenye ultrasound wakinyonya kidole gumba tumboni mwa mama zao. Wale 60 walionyonya cha kulia, wote walikua wakitumia mkono wa kulia. Kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa wa mashoto. Mtoto ameshaanza kuchagua mkono kabla hajaliona hilo sinia, nasi tunamwita mkaidi!

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Kwenye harusi za ukumbini, na kwenye semina za hotelini, tunafundishwa ustaarabu wa Kiingereza: kisu kulia, uma kushoto. Nyama inaingia mdomoni kwa mkono wa kushoto, na sijawahi kumwona mzee akimchapa mtu kibao. Wamarekani wengi wao hukata kwanza, wakaweka kisu chini na kuhamishia uma kulia. Wapo Waislamu wanaofanya hivyo hivyo kwa ajili ya dini, na nawaheshimu. Lakini kama mkurugenzi anaruhusiwa uma wa kushoto, mtoto wa miaka mitano asichapwe kwa sababu ya kushika kijiko kwa kushoto.

*

Nimerudi baada ya kusoma majibu yenu. Nashukuru hata kwa wale walionikemea.

Mmoja ameandika kwamba namfungulia mtoto mlango wa kumuiga shetani, kwa kuwa hadithi inasema shetani hula kwa kushoto. Hadithi naijua. Najua pia kwamba Imam Nawawi, mwanachuoni wa zamani, katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, kitabu cha hadithi, alimtoa mwenye udhuru kama ugonjwa au jeraha. Kwangu mashoto si ugonjwa, na ndiyo maana sikusema aachwe moja kwa moja, nimesema afundishwe. Tunachobishania hapa ni kibao na kitambaa.

Mwingine anasema nitamchanganya, mkono huu hapa, ule pale. Sidhani. Kusalimia anatoa wa kulia tangu ana miaka mitatu, na mpira anarusha kwa kushoto. Hajawahi kukosea.

Dada aliyeko Uingereza ameniumiza zaidi. Shuleni binti yake amepewa mkasi wa watu wa mashoto, akija likizo Mombasa anafokewa mezani, na sasa hataki tena kwenda kwa bibi.

Kwa aliyeuliza kama kufungwa mkono husaidia: kaka yangu, yule aliyemchapa mwanangu, naye ni wa mashoto. Mama alimfunga kitambaa akiwa na miaka sita. Leo anakula kwa mkono wa kulia, ni kweli. Nyundo anaishika kwa kushoto, na hadi leo akila mbele ya wageni anakula kidogo sana. Nilikuwa nikidhani ni aibu tu ya kawaida.

Kwa sasa nyumbani nimeanza na ugali, kwa sababu tonge linasamehe kuliko wali. Nakaa kulia kwake, namega langu polepole anione. Nusu linaanguka, simsemi. Akichoka nampa kijiko, akishike anavyotaka. Wenzangu mliolea watoto wa mashoto, ninyi mlianza na chakula gani, na ilichukua muda gani mpaka akakaa kwenye sinia bila kuogopa?