Mnaoiponda Vapor Trails ya Rush, mmesikiliza toleo gani?

Wakuu, hili jambo linakera. Kila ukifunguliwa uzi wa kupanga albamu za Rush, ile bendi ya roki ya Kanada, Vapor Trails inasukumwa mkiani na sababu ni ileile: makelele. Mtu ukimbana aseme kasikiliza toleo gani, ni CD ya 2002. Sasa hapo umehukumu nyimbo au umehukumu miksi (namna ala na sauti zilivyochanganywa) iliyovurugwa?

Miaka ile watu wa muziki walikuwa wanashindana nani CD yake inapiga kwa sauti kubwa zaidi. Lakini CD ina dari: sampuli ya biti 16, yaani kipimo kimoja cha wimbi la sauti, haivuki 32,767. Ukizidi kusukuma, vilele vya wimbi havina pa kwenda, vinakatwa, na palipokatwa ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Ngoma ndizo zinaumia kwanza, maana pigo la snea ni kilele kifupi mno. Halafu mnamsema mpiga ngoma wao Neil Peart eti alikuwa kachoka!

Anayebisha atoe wimbo wa One Little Victory kwenye CD yenyewe iwe WAV (faili lisilobanwa), asitumie MP3, aifungue kwa programu ya Audacity na kuwasha alama za klipingi, yaani za vilele vilivyokatwa. Avute karibu pale gitaa linapoingia juu ya ngoma. Ataona mistari myekundu imesongamana na vichwa vya wimbi vimekuwa bapa. Kupunguza volyumu hakusaidii, kilichokatwa hakirudi.

Na tafadhali msiite toleo la 2013 "rimasta". Sehemu ya mkwaruzo iliingia kabla hata ya masteringi (hatua ya mwisho ya kurekebisha miksi iliyokamilika), kwa hiyo kusafisha miksi ileile kusingetosha. David Bottrill alirudi kwenye rekodi za kila ala, akamiksi albamu nzima upya, ikaitwa Vapor Trails Remixed. Kabla yake Richard Chycki alishafanya hivyo kwa One Little Victory na Earthshine, zikatoka kwenye mkusanyiko wa Retrospective 3 wa 2009. Mkilinganisha, shusheni kwanza la 2002 kwa desibeli kadhaa mpaka yalingane, kwa sababu sikio hupendelea lenye sauti kubwa.

Eti haina kinanda. Waliamua hivyo wenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Caress of Steel ya 1975! Nafasi ya kinanda imejazwa na magitaa ya Alex Lifeson yaliyopandana tabaka kwa tabaka, na sauti ya Geddy Lee iliyorekodiwa mara kadhaa juu yake yenyewe. Tabaka hizo zikibanwa zote dhidi ya dari moja, hakuna inayosikika peke yake. Hayo ndiyo makelele yenu.

La mashairi kuwa matupu ndilo linaniudhi kuliko yote. Mashairi ya wimbo wa Ghost Rider yameandikwa na huyo huyo Peart, mtu aliyefiwa na bintiye, mtoto wake wa pekee wakati huo, 1997, mkewe 1998, akazunguka na pikipiki kilomita 88,000 hivi kabla ya kurudi kwenye ngoma. Sikilizeni mstari kwa mstari kisha mniambie utupu uko wapi.

Atakayejibu aanze kwa kutaja toleo alilosikiliza.