Tupeane uzoefu: umewahi kuomboleza wanafunzi ambao hata hukuwajua?

binti_wa_S4

Habari zenu wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Mi niko S.4, yaani kidato cha nne, nasoma bweni upande wa Mbarara, sahi tuko likizo ndo maana nina simu. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja linanikaa kichwani muda mrefu, wanafunzi wakiuliwa shuleni nchi nzima inalia, sasa wewe ulilia vipi, na kuna mtu aliyekuuliza unajisikiaje?

Naanza mwenyewe. Juni 2023 nilikuwa S.2, muhula wa pili ndo umeanza, wengine hata ada hawajamaliza. Usiku wa Ijumaa tarehe 16 waasi wa ADF wakaingia Lhubiriha Secondary pale Mpondwe, wilaya ya Kasese, mpaka wa Congo uko hapo hapo hata kilomita mbili hazifiki. Wavulana walijifungia bwenini wakachomwa humo humo, wasichana wakakatwa na mapanga. Wanafunzi 37. Kwetu simu ni marufuku kwa hiyo tulijulia jikoni, mpishi alikuwa na redio, wale wa zamu ya kuchukua posho (ugali) wakarudi na habari nusu nusu, mara ni Fort Portal, mara ni Mbarara hapa hapa, mara wamefika barabarani. Halafu simu ya metroni ikaanza kulia, ikawa hainyamazi. Wazazi. Tukapanga foleni koridoni kila mtu anapewa muda kidogo tu, aliyekuwa mbele yangu alisema "niko mama, niko, niko" basi akarudisha simu. Usiku huo hakuna aliyekubali kulala karibu na dirisha, tulisukuma vitanda vya deka vyote katikati, na masanduku ya bati tukayapanga mlangoni moja juu ya lingine mpaka juu. Metroni aliingia na tochi akayaona, akatoka bila kusema kitu.

Jumatatu paredi, tukaambiwa tunyamaze dakika moja. Mwalimu wa zamu anaangalia saa, sidhani hata dakika ilifika, amina, akaendelea na matangazo: nywele, soksi, madeni ya ada. Ndo ikaisha hivyo.

Likizo nilipopewa simu ndo nikaona kumbe watu walilia sana, statusi za mishumaa, mapasta, mashehe, wabunge, wasanii, kila mtu anasema "watoto wetu". Mtoto mwenyewe anayeongea sikumwona. Halafu TikTok ikaniletea zile za Marekani, Parkland kule Florida, 14 Februari 2018, watu 17 walipigwa risasi shuleni. Wale wanafunzi walipanda mabasi wakaenda hadi kwa wabunge wa jimbo lao, kabla hata mwezi kuisha sheria ikabadilishwa, umri wa kununua bunduki ukatoka 18 ukawa 21. Machi 24 wakajaza Washington, msichana mmoja akapanda jukwaani akataja wenzake halafu akanyamaza, yani ananyamaza tu machozi yanashuka, watu hawajui wapige makofi au wafanye nini, mpaka muda wake pale juu ukatimia dakika 6 na sekunde 20, muda ule ule muuaji alitumia. Na mi nakumbuka ile dakika yetu ya paredi.

Kinachoniuma ni hiki. Nyuso za wanafunzi wa Parkland nazijua, sauti zao nazijua. Wa Mpondwe ni nchi yangu, wali na maharage tulikula yale yale Jumapili, na simjui hata mmoja. Karibuni.

mzee_wa_Fort

Marahaba mwanangu, umeleta jambo zito. Mimi ni wa Fort Portal. 8 Juni 1998 hawa hawa ADF walivamia chuo cha ufundi Kichwamba, alfajiri, wakawafungia wanafunzi mabwenini wakawasha moto, 80 walikufa na wengine wengi wakachukuliwa. Nilikuwa kijana wa gereji, wengi wa waliokufa walikuwa umri wangu. Hakukuwa na statusi wala nini, redio ilisema mara moja halafu tukapiga miguu kwenda kuuliza wenyewe. Msiba wetu ulikuwa wa kutembea. Kila kituo cha matatu unakuta wazazi wamekaa na kikaratasi chenye jina la mtoto na darasa, wanakuonyesha, wewe kijana unamjua huyu? Nilikuwa namjua mmoja. Nilikuja kutengenezea baba yake gari miaka mingi na hatukuongea hilo hata siku moja, na alikuwa anakuja kwangu tu, gereji nyingine hataki.

Sasa 2023, miaka 25 na mwezi ule ule wa Juni, nasikia tena mabweni, tena moto, tena mpaka. Watoto wangu walishangaa kwa nini baba amezima TV.

dada_Jinja

Pole mwanangu. Mi nilizima data siku tatu sijui nne, sikuweza.

boda_wa_Kisenyi

Samahani ntasema ukweli hata kama mnanichukia. Hizi statusi za mishumaa mi naona ni fasheni. Asubuhi mshumaa, mchana rolex ya chapati na mayai, jioni video ya harusi, kesho mechi. Jamaa mmoja steji yetu aliweka picha ya lile bweni lililoungua akaandika RIP, namuuliza Mpondwe iko wapi anasema si ni huko Gulu. Huko Gulu, kaskazini kabisa! Bora ukae kimya.

mama_wa_sokoni_Bwera

Boda nakusikia, lakini wewe ulikuwa mbali. Mimi niko huku huku, nauza samaki soko la Mpondwe, wateja wangu nusu wanatoka ng'ambo, Kasindi. Nieleze kilio cha watu kinafikaje kwa wenye msiba.

Kwanza yalikuja magari. Magari mengi mpaka boda hazina pa kupita. Makamera. Kila mkubwa akifika lazima apewe maiki, na kila aliyepewa maiki anaanza kwa kusalimia wakubwa wengine mmoja mmoja kwa vyeo, wakati huo mama mwenye mtoto amekaa chini kwenye mkeka hajui hata mwili uko wapi. Maana wale waliochomwa walikuwa 17 na hawatambuliki, wakaambiwa wasubiri vipimo vya DNA. Jirani yangu alikuwa mmoja wa kusubiri. Mji mzima unazika, yeye hana cha kuzika, watu wanapita kwake wanampa pole halafu wanasita, hawajui kama ni pole ya msiba au ya mgonjwa. Alikuwa amepika chai ya wageni kwenye sufuria kubwa ya kuazima, wageni hawakai, wanaenda kwenye mazishi. Chai ikapoa tukaimwaga.

Sasa hiyo statusi. Mtu akiniwekea mshumaa haniumizi. Walioniumiza ni wale waliosambaza picha za miili. Facebook ilikuwa imefungwa kwetu tangu Januari 2021, ulihitaji VPN, lakini WhatsApp ilitosha, picha zilifika kwa ndugu kabla ndugu hawajapigiwa simu. Kijana wa jirani alimtambua dadake kwa sweta, kwenye grupu la wauza kahawa. Grupu la kahawa jamani.

Na walionisaidia ni Wakongo. Wateja wangu wa Kasindi walivuka, hawakuja na maiki, walikuja na mihogo na kuni wakakaa. Wao haya mambo wamezoea vibaya, Beni na vijiji vyake wanachinjwa na watu hao hao miaka yote na dunia haijui. Mmoja aliniambia "mama, sisi kwetu hakuna hata anayehesabu."

boda_wa_Kisenyi

Mama nimesoma. Pole sana. Ile ya sweta imenimaliza.

kijana_wa_Busia

Mi niliona tofauti kidogo, nilisoma Kenya. Aprili 2015 al-Shabaab waliposhambulia Garissa University nilikuwa primari huko, waliuawa 148. Mwanzoni serikali ilisema 147, na watu mtandaoni wakaanza kusema 147 si namba tu, wakawa wanaweka jina, picha, huyu alisoma nini, huyu alipenda mpira, huyu ndo wa kwanza kwao kwenda chuo. Nairobi watu wakakutana Uhuru Park na mishumaa na misalaba, majina yakasomwa. Dada yangu mkubwa alikuwa anayaandika kwenye daftari la hesabu, kila jina analoliona anaandika. Nilimuuliza unamjua? Akasema sasa namjua.

Kwa hiyo boda mi sikubaliani sana, mtandao unaweza kuwa matanga ya kweli, inategemea unaweka nini. Mshumaa uliochukua Google hausemi kitu. Jina linasema. Na hapo binti ana pointi, ya Mpondwe majina tuliyaona wapi? Yalikuwepo kwenye orodha za hospitali, yalikuwepo kwa wazazi, lakini sisi huku tulipewa 37.

mwl_mstaafu_Masindi

Jamani tusichanganye mambo. Binti anataja Florida, kule bunduki inauzwa dukani na mbunge anaweza kubanwa. Uingereza vile vile, Dunblane 1996 watoto 16 na mwalimu wao waliuawa, wazazi wakapiga kelele, mwaka uliofuata bastola zikapigwa marufuku. ADF hawanunui leseni. Wanafunzi waandamane kwenda kwa nani, msituni?

binti_wa_S4

Shikamoo mwalimu. Nakuelewa ila naomba kujibu kwa heshima. Sijasema tuwaandamanie ADF. Lakini kuna maswali ya watu wetu wenyewe, kwa nini shule iko kilomita mbili na mpaka na waliweza kuingia, kuua, kuchoma, kuiba chakula stoo na kuondoka? Kwa nini mlango wa bweni letu mpaka leo unafungwa na kufuli kwa nje na ufunguo analala nao mtu mmoja? Hilo silijui kama mtaalamu, nalijua kwa sababu nalala humo. Hayo ndo nilitaka mtu aniulize. Kulia mlilia vizuri, kuniuliza hapana.

mwl_mstaafu_Masindi

Hilo la kufuli ni kweli, nimelisimamia miaka mingi. Wazazi ndio wanataka hivyo, wanaogopa wasichana watatoroka. Sikulifikiria upande wako.

mzazi_Lira

Mimi nitaongea ya Aboke kwa kuwa naona vijana hamjaitaja. 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya St. Mary's pale Aboke usiku. Sista Rachele, mtawa wa Kiitaliano, akawafuata kwa miguu porini na mwalimu mmoja, akawarudisha 109. Thelathini wakabaki. Wazazi wakaunda chama, wakazunguka mpaka nje ya nchi wakiuliza.

Binti wa shangazi yangu alikuwa kwenye wale waliorudishwa. Watu wanadhani hiyo ni furaha. Nyumbani palijaa watu wanaimba na kushukuru, yeye amejifungia jikoni, hataki kusalimiwa, kwa sababu rafiki yake wa kitanda cha chini alikuwa katika wale thelathini na mama yake rafiki naye amekuja hapo hapo kushukuru pamoja na sisi, amevaa vizuri, amekaa mstari wa mbele. Huyo mama nilimwona anapiga makofi. Kwa Mpondwe nilipoambiwa kuna waliochukuliwa wakabebeshwa chakula kuelekea Congo, nilifikiria hao zaidi ya waliokufa, Mungu anisamehe. Huwezi kuwaweka kwenye mshumaa, huwezi kuwatoa kwenye sala.

wa_Nakivale

Mimi mkimbizi, Kiswahili changu cha Congo mtanivumilia. Binamu yangu alienda Marekani na familia kupitia UNHCR, lile shirika la wakimbizi, iko kwenye darasa la saba. Anatuambia kwa WhatsApp shule yao wanafanya mazoezi, mwalimu anazima taa, wanakaa kwenye kona mbali na mlango, hakuna kuongea, mtu anapita nje anatikisa kitasa. Wenzake wanacheka cheka, wamezoea. Yeye alitoka Kivu, Congo, kwenye vita. Siku ya kwanza alikojoa. Shangazi akaitwa shule, akaelezwa kwa upole sana ati ni mazoezi tu. Shangazi alikimbia Kivu akimbeba mgongoni, akafika huko akakuta wanafundishwa kujificha. Alicheka kwanza, halafu tukasikia ananyamaza kwa simu.

wa_S3_Kampala

Hi, mi ni mwanafunzi pia. Shule yetu tulichangia Lhubiriha, sabuni, madaftari, pedi, na kila darasa likaandika barua kwa waliobaki. Class yetu walinichagua mimi niandike. Mwalimu akasema lazima azisome kwanza. Ikarudi na wino mwekundu, mstari mmoja tu umekatwa, nilikuwa nimeandika "na sisi pia tunaogopa kulala". Pembeni kaandika: watie moyo. Nikaandika upya bila huo mstari, ikaenda imejaa Mungu ni mwema na someni kwa bidii. Ndio ni mwema sikatai. Lakini kama mimi ndo ningekuwa nimetoka kwenye lile bweni, ningetaka barua gani?

mama_wa_sokoni_Bwera

Ile ya kwanza mwanangu. Watoto wa huku waliobaki walikuwa wanaulizana kwa siri kama kuna mwingine asiyelala.

binti_wa_S4

Wa S.3 ukiwa bado nayo ile ya kwanza iandike hapa yote, usikate kitu. Wa Arua, Gulu, Soroti bado sijawasikia, na wenzangu wa bweni mnaosoma kimya kimya nawaona. Mi muhula unaanza wiki ijayo na simu inarudi kabatini kwa baba, nina UCE, mtihani wa kumaliza S.4, kwa hiyo mkiona sijibu sijakasirika, nitasoma zote Desemba. Na mwalimu wa Masindi naomba ukimjua mkuu wa shule yeyote umwambie ile ya kufuli.

mwl_mstaafu_Masindi

Nawajua watatu. Nitapiga kesho.