Mwaka wa kwanza wanachanganya dola, nchi, taifa na serikali. Nianzie wapi?

Mkufunzi_Mpya:
Wakuu, heshima kwenu. Nimepewa semina ya utangulizi wa sayansi ya siasa, chuo kimoja hapa Dar. Wanafunzi arobaini na ushee, Ijumaa saa nane mchana, feni moja. Wiki iliyopita niliandika ubaoni sifa nne za dola za Mkataba wa Montevideo wa 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia mahusiano na dola nyingine. Wakanakili kimya kimya. Namaliza tu, kijana wa nyuma ananyoosha mkono: "Mwalimu, dola si zile wanazobadilisha Kariakoo?" Tukacheka wote. Ila nilipouliza taifa ni nini, wakajibu "nchi". Nchi je? "Taifa." Nimekwama.

Bi_Darajani:
Mwanangu, Montevideo weka kando kwanza. Somo hili nimelifundisha mpaka nimestaafu. Andika ubaoni "vyombo vya dola", uwaulize ni vipi hivyo. Watakutajia polisi, jeshi, magereza. Hakuna atakayetaja zahanati wala shule ya msingi, na hizo pia ni za serikali. Hapo ndipo unamleta Max Weber, yule mwanasosholojia wa Ujerumani, na mhadhara wake wa 1919: dola ndiyo inayodai kuwa peke yake yenye haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake. Watagundua walikuwa wanamsema Weber tangu utotoni.

Kwenye "taifa", lugha yenyewe ina mtego. Umoja wa Mataifa, wanachama wake ni dola. Wakurdi wa Mashariki ya Kati ni taifa, na kiti pale hawana.

Kisha wape Zanzibar, na uanze na mpira. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea sisi Wazanzibari kuwa mwanachama wa 55. Huku kwetu watu tulishangilia. Julai mwaka ule ule ikatutoa, eti sisi si nchi huru. Sasa waambie wapitishe zile sifa nne. Watu tupo, visiwa vipo, rais na Baraza la Wawakilishi vipo. Ya nne inagoma, maana mambo ya nje ni ya Muungano. Wakishatulia, wachokoze: mwaka 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa si dola. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ikasema Zanzibar ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Muungano. Nchi, lakini si dola? Kaa pembeni uwasikilize. Mie darasa langu moja lilinikosesha boti.

Kijana_wa_Thika:
Huku Kenya mimi hutumia chifu na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) kueleza mamlaka na uhalali. Chifu huajiriwa na serikali kuu, MCA huchaguliwa na wananchi wa wadi. Nauliza: ng'ombe wakiibwa usiku, utampigia nani simu? Karibu wote husema chifu, hata wale waliotoka kumsema vibaya dakika mbili kabla.

Tumbili_Mjini:
Yote mazuri, ila mtihani wanaandika Kiingereza. Mtawaponza.

Bi_Darajani:
Wataandika nini, baba, kwa lugha yoyote, kama hawajaelewa?

Mkufunzi_Mpya:
Shikamoo Bi Darajani. Nimejaribu leo. Polisi, jeshi, magereza, kama ulivyosema. Halafu yule yule wa Kariakoo akataja mgambo wa jiji. Mwenzake akambishia: mgambo ni wa halmashauri, si dola. Akajibu, "Mama ntilie akibebewa sufuria yake, unadhani anauliza ni ya nani?" Saa ikaisha, feni ikazimika na umeme, hakuna aliyetoka. Nimewapa ukurasa mmoja wakaandike: mgambo ni dola au si dola? Na mwenyewe, Bi, jibu sina uhakika nalo.