Kadi za posta na tiketi za reli zimeshikana kwa unyevu: nianzie wapi?

MwanaMikindani
Wadau, kuna sanduku la bati lenye karatasi kuukuu: kadi ya posta ya enzi ya Mjerumani yenye stempu ya heller 4 (sarafu ya Wajerumani hapa) na muhuri wa Lindi, tiketi za reli ya Mtwara–Nachingwea, na stakabadhi za mradi wa karanga. Nyingine zimeshikana, nyingine zina ukungu. Niziloweke? Na stempu niibandue?

Nyaraka_Lindi
Usiloweke chochote, mkuu. Maandishi ya penseli ya zambarau, ambayo ni ya kawaida kwenye stakabadhi, huchuruzika yakiguswa na maji, na hayarudi tena.

Anza na ukungu. Anika kivulini penye hewa, kamwe si juani, mpaka ukungu uwe vumbi kavu. Ukiwa bado mbichi, brashi itaupaka tu kwenye nyuzi. Kisha vaa barakoa, toka nje, pangusa kwa brashi laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Madoa ya kahawia yaache. Jiki hung'arisha leo na kuilegeza karatasi baadaye.

Zilizoshikana, zikiwa safi na wino wake haupukutiki, ziweke juu ya kichanja cha waya ndani ya kontena lenye mfuniko, chini yake sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, karatasi na sponji zisigusane. Kagua kila baada ya saa 2 au 3. Zikilegea zitenganishe kwa kipande chembamba cha plastiki, kisha zikandamize kati ya karatasi za kunyonya chini ya vitabu, ukibadilisha karatasi kila siku. Picha za kamera zitoe kabisa humo, uso wake hunata.

Muhuri1905
Stempu ibaki hapo hapo! Thamani iko kwenye kadi nzima: stempu, muhuri na anwani pamoja. Heller 4 ya kijani yenye meli ilianza 1905. Ingekuwa pesa 3 (pesa ilikuwa sarafu iliyotangulia heller), ingekuwa toleo la kabla ya hapo. Tazama pia mgongo wa kadi: Ujerumani iliruhusu ujumbe na anwani upande mmoja kuanzia 1905. Kadi za kabla ya mwaka huo zina anwani tu upande huo, na ujumbe umebanwa pembeni mwa picha.

Tiketi za reli hiyo haziwezi kuzidi 1962, njia ilipofungwa. Tundu la mkaguzi ni sehemu ya historia yake, usilizibe.

MwanaMikindani
Asanteni. Kuna na vidudu vya rangi ya fedha. Na nihifadhi wapi?

Nyaraka_Lindi
Funga kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukitoa, usifungue mpaka saa 24 zipite, maana umande utatua kwenye karatasi badala ya juu ya nailoni. Friza inaua wadudu, lakini haiui ukungu.

Baadaye tumia mifuko ya poliesta. Ile inayonuka plastiki mpya ni PVC, na huvuta wino. Kontena lisibane ukuta wa nje, hasa msimu wa mvua, na ndani weka silika jeli (vile vifuko vya kunyonya unyevu) badala ya mchele, unaoita fukusi. Selotepu na lamineti, hapana.