Ramani ya Sears ya miaka ya 1920: inajengeka Tanga?

Mwambani_77
Wakuu, habari. Nina nakala ya ukurasa wa katalogi ya Sears, kampuni ya Marekani iliyouza nyumba za kuunganisha kwa posta: nyumba ya mbao futi 24 kwa 36, vyumba viwili, baraza mbele. Kiwanja kipo Pongwe, mbao ni msonobari wa Shume. Fundi anasema ukurasa huu unamtosha kuanza. Tufuate vipimo kama vilivyo?

Pimamaji
Haumtoshi, mkuu. Ukurasa wa katalogi ni wa kumvutia mnunuzi. Sears waliuza nyumba za aina hii toka 1908 hadi 1940, na michoro ya kazi aliipata aliyenunua. Mbao zilikuja kwa treni zimeshakatwa, zimepigwa mhuri wa herufi na namba. Fundi anatafuta namba ile kwenye mchoro. Saruji na matofali havikuwemo, kwa hiyo msingi utaubuni mwenyewe. Mpe mchoraji achore upya kwa milimita, maana hata kibali cha ujenzi kinataka michoro kamili.

Randa_na_Msumeno
Hapa ndipo wengi wanapokosea: nafasi ya nguzo za ukuta. Katalogi inasema inchi 14 na 3/8. Hiyo ni nafasi tupu kati ya nguzo na nguzo. 2x4 yao (mbao ya inchi 2 kwa 4) ikirandwa ilibaki unene wa inchi 1 na 5/8. Jumlisha, ni 16 katikati kwa katikati. 2x4 yetu isiyorandwa inakaribia inchi 2 kamili, kwa hiyo ukiacha nafasi ileile, katikati zinasogea na bodi za dari na ukuta hazikutani tena na nguzo.

Pima bodi ya jipsamu kabla ya kugonga msumari wowote. Yenye upana wa mm 1200 inataka nguzo kila mm 400. Ya mm 1220 inataka 406. Ukichanganya, yaani bodi za mm 1200 kwenye nguzo za kila inchi 16, bodi ya kwanza inapungua mm 19 na bado inashika. Ya pili imepungua 38, ukingo unaning'inia hewani, na ufa utatokea hapohapo.

Ukuta wa mita 10.8 kwa nafasi ya 400 ni nguzo 28. Ongeza mbili kila kona, mbili kila mlango au dirisha, na kidogo kwa zitakazopinda.

Mwambani_77
Ahsanteni sana. Na mchwa?

Kofia_ya_Bati
Inua sakafu juu ya nguzo za zege, sm 45 au zaidi. Juu ya kila nguzo weka kofia ya bati inayotokeza sm 5 pande zote, imekunjwa kuelekea chini. Haizuii mchwa asilani. Inamlazimisha ajenge njia yake nje, uione. Pita na tochi kila mwezi: ukikuta mrija wa udongo mnene kama penseli, ameshafika. Ngazi ya zege isigusane na sakafu, maana huko hupanda bila kuonekana.

Tena hapa ule utaratibu wa Sears una faida kubwa. Kata vipande vyote kwanza, toboa matundu, ndipo upeleke kutiwa dawa ya presha. Mbao ikikatwa baada ya dawa, ncha inaonyesha moyo mweupe usiofikiwa na dawa, na mchwa huanzia hapo. Namba zichongwe kwa patasi, wino utapotea. Ncha yoyote utakayolazimika kukata kiwanjani, ipake dawa kwa brashi mara mbili siku hiyohiyo.

Pimamaji
Na madirisha ya kupandisha achana nayo. Masika mbao inavimba, hayafunguki. Weka ya kufungua nje, ukuta wa kusi na wa kaskazi, upepo upite.