Nimeletewa kazi ya vyuma 200 vya pampu ya sindano hapa Nyakato, Mwanza. Nikubali?

Mkerezaji_Nyakato
Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni fundi mkerezaji, nina karakana ndogo Nyakato yenye mashine mbili za zamani. Riziki yangu ni shafti za pampu za viwanda vya samaki na shafti za boti za wavuvi. Shafti ya boti ikizidi unene wa unywele, hakuna anayelalamika, si mvuvi wala sangara.

Sasa wiki iliyopita jamaa kaniletea mchoro. Anasema kuna kampuni ya nje inayounda pampu za sindano, zile mashine za wodini zinazosukuma dawa kidogo kidogo, inatafuta fundi wa kuichongea vyuma ambavyo kisukumio kinateleza juu yake. Vipande 200. Stenlesi ya aina ya 316L, kipenyo milimita 6 h6 (hiyo h6 ni kiasi kinachoruhusiwa kupungua), urefu milimita 120 kwa kuzidi au kupungua 0.02, ulaini wa uso Ra 0.4.

Nikajaribu vipande 10. Stenlesi nilinunua kwa muuza vyuma, akaniapia kwa Mungu kwamba ni 316. Kwenye ncha napata 5.99, katikati 6.04, kila kimoja kimenona tumboni. Nikavipiga msasa hadi vikakaa. Urefu nikapima hapo hapo kinapotoka kwenye mashine, saa nane mchana, kwa maikromita kubwa ya kuazima. Vyote safi. Asubuhi narudi na chai yangu mkononi, napima tena: vimepungua 0.03! Usiku hakuna aliyeingia, mlinzi ana mbwa.

Nikubali au niache? Na hivyo vyuma vimekwenda wapi?

Kijana_wa_Igoma
Mkuu piga kazi, hela haina harufu. Chuma ni chuma.

Fundi_VifaaTiba
Igoma, usimpotoshe mwenzio. Mimi natengeneza hizo pampu hospitali moja huku kanda ya ziwa. Chuma kikiwa na tumbo, kisukumio kinakwama, mota nyuma inaendelea kusukuma, halafu kinaachia ghafla. Dawa inasimama, kisha inakuja yote pamoja. Mtoto mchanga anayepewa mililita moja kwa saa hawezi kustahimili mchezo huo. Zile za msasa zisiende popote penye mgonjwa.

Binti_Kirumba
Kaka wa Nyakato, pole na hongera kwa kupima mara mbili. Mimi ni mzaliwa wa Kirumba, ila nakereza Tuttlingen, mji mdogo kusini mwa Ujerumani wenye mamia ya kampuni za vifaa vya upasuaji. Kazi zetu nyingi ni hizi hizi za kuchongea wengine.

Vyuma vyako havikuibwa, vilipoa. Stenlesi ya namna hiyo inatanuka kama 0.016 mm kwa kila milimita 1,000 joto likipanda nyuzi moja. Kipande cha 120 kikitoka kwenye mashine kina nyuzi 40, asubuhi kina 24, tayari 0.03 imeondoka. Vipimo vya mchoro huhesabiwa kwa nyuzi 20. Sisi tunaviacha vipoe kwenye chumba chenye kiyoyozi pamoja na maikromita yenyewe ndipo tunapima.

Tumbo nalo lina sababu. Chuma chembamba cha 6 kwa urefu wa 120 kinaikimbia ncha ya kisu pale katikati, basi pananona. Ndiyo maana Waswisi, kwa ajili ya saa zao, walibuni mashine ambayo fito inateleza na kushikiliwa kando kabisa ya kisu. Lakini wewe huhitaji mashine hiyo. Nunua fito iliyokwisha kusagwa 6 h6, zinauzwa tayari, kazi yako ibaki kukata na kunyoosha ncha. Kwanza h6 hapo ni 6.000 hadi 5.992. Maikromita yako inayosoma 0.01 haiwezi hata kuiona nafasi hiyo!

Ila kitakachokutoa jasho ni karatasi. Kiapo cha muuza vyuma hakitambuliki. 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, 304, stenlesi ya kawaida, kwa kawaida haina, na sumaku haiwezi kukutenganishia hizo mbili. Lazima fito ije na cheti chenye namba ya tanuru, yaani namba ya mkupuo chuma kilipoyeyushwa, na namba hiyo uiandike kwenye kila fungu unalotoa, ili likitokea tatizo miaka mitano mbele ijulikane ni vipande gani. Hayo ndiyo mambo ya ISO 13485, kiwango cha ubora cha watengenezaji wa vifaa tiba. Na usikate kwa jiwe lililokata chuma cha kawaida. Wewe wa viwanda vya samaki umeshaona meza ya stenlesi iliyosuguliwa kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida inavyoota kutu.

Swali moja: mchoro una jina la kampuni na namba ya toleo?

Mkerezaji_Nyakato
Dada, hauna. Nimekwenda kuangalia sasa hivi, kona ya chini imekatwa kwa mkasi.

Fundi_VifaaTiba
Basi hapo umeshajibiwa. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, kawaulize kabla hujagusa kitu. Mimi nina vitanda 14 magurudumu yamelegea bushi, njoo na venia yako tu, kile kipimo cha mkono, inatosha.

Mkerezaji_Nyakato
Wabeja sana. Nimempigia jamaa nikaomba mchoro mzima na cheti cha fito. Kaniuliza mbona najifanya mzungu, akakata simu. Vitanda nakuja Jumatatu, mkuu.

Vile 10 vya msasa kavichukua mama wa jirani anayechoma sato. Anasema vimenyooka kuliko vijiti vya kuchomea vya dukani.