303 iliyokatwa au Mauser 98 iliyogeuzwa: niombe leseni ya ipi?

Mwana_Kibokoni

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Marehemu babu alikuwa mwindaji mwenye leseni zamani zile, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ameacha bunduki mbili, zote zilitoka jeshini kisha zikageuzwa za kuwindia. Baada ya mazishi tulizikabidhi polisi, na wazee wameamua mjukuu mmoja aombe leseni ya moja tu. Mjukuu huyo ni mimi. Shabaha napiga klabuni, lakini vyuma hivi vya kale sivijui.

Ya kwanza ni Lee-Enfield ya jeshi la Kiingereza, kaliba (upana wa mtutu) ya 303, Mark III ya kiwanda cha BSA. Mbao za mbele zimekatwa, kile chuma bapa cha mdomoni kimeondolewa, na magazini ni fupi, ya risasi tano. Mtutu haukuguswa. Ya pili ni Mauser 98 ya milimita 8. Hii imefanyiwa kazi haswa: mkono wa boliti (kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake) umepindwa chini, kitako ni kipya chenye nakshi, mtutu umefupishwa, na juu kuna matundu ya kufungia darubini.

Najua Kenya hakuna kuwinda, wala siulizii hilo. Nataka moja ya kupigia shabaha mara moja moja, na ikae kama kumbukumbu ya mzee. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Fundi_Likoni

Wa aleikum salaam, na pole kwa msiba.

Kwa umbo la chuma, Mauser iko mbele. Boliti ya 98 ina meno mawili yanayofunga mbele kabisa, nyuma tu ya risasi, na jino la tatu nyuma la akiba. Ile ndoano ndefu ya ubavuni hulishika ganda tangu linapotoka magazinini mpaka linaporushwa nje, kwa hivyo hata mtu akibabaika risasi haipotei njia. Ganda likipasuka, gesi ina matundu yake ya kutokea badala ya kukurudia usoni. Ndiyo sababu Rigby, watengenezaji bunduki wa London, walizijenga bunduki zao za Afrika juu ya mwili wa Mauser, na viwanda vingi vinaiiga mpaka leo.

Lee-Enfield meno yake yako nyuma. Ukifyatua, boliti hubonyea kidogo na ganda hurefuka. Kwa anayepiga risasi za kiwandani si neno. Anayejaza maganda upya ndiye hulalamika, maana hayadumu. Sifa yake ni wepesi. Mkono unazungushwa nyuzi 60 hivi, wa Mauser nyuzi 90, na springi inakazwa wakati unasukuma mbele, nguvu ya mkono inapokuwepo tayari. Ukitoka kwenye Lee ukaishika Mauser, utadhani unafungua mlango uliovimba kwa mvua ya masika.

Lakini usichague kwa jina. Cha kukagua ni mtutu. Risasi za zamani za 303 zilijazwa kodaiti, baruti inayowaka kwa joto kali mno, na ile hula koo la mtutu pale mbele ya chemba, risasi inapokaa. Omba ruhusa uchungulie kwa tochi mbele ya afisa. Mifereji, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, ikiwa imefifia pale kooni, au ukiona vishimo vya kutu, hiyo ni ya kutazamwa tu.

Halafu nina swali, na jibu lake linaweza kumaliza mjadala wote. Hiyo milimita 8 ni ya zamani au mpya? Wajerumani walibadilisha upana wa kichwa cha risasi kati ya 1903 na 1905. Cha kwanza kilikuwa kama milimita 8.1, cha pili 8.2. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini ukilazimisha kichwa kinene katika mtutu mwembamba, presha inapanda vibaya. Za jeshi zilizorekebishwa ziligongwa herufi S juu ya chuma. Tafuta hiyo S kwanza.

Bi_Shabaha

Kaka Mwana_Kibokoni, mimi ni wa 303 na sioni haya. Fundi kasema kweli kuhusu meno na ndoano, lakini wewe hukabiliani na nyati, unakabiliana na karatasi. Pale klabuni, 303 hainipigi bega vibaya, na boliti yake ni raha peke yake.

Kabla ya kushindana kuhusu ndoano, nenda kwa muuzaji mwenye leseni umuulize anaweza kukupatia risasi gani. 303 ilikuwa kaliba ya serikali miaka na miaka. Sote tumeiona mikononi mwa polisi wa akiba kule kaskazini. Ya milimita 8 haikuwa na mizizi hiyo hapa kwetu. Bunduki nzuri isiyo na risasi ni ufito.

Na kuna jambo Fundi amelipita. Lee-Enfield ya jeshi haikuundwa mtutu wake uwe huru. Mbao za mbele na kile chuma cha mdomoni viliubana mtutu na kuusukuma juu kidogo, na hapo ndipo shabaha ilipotulia. Mtu akikata mbao akaacha hivyo hivyo, bunduki hutawanya risasi, kisha watu husema "303 hazina shabaha". Waliojua kazi, kama BSA wenyewe na kiwanda cha Parker-Hale, waliukalisha mtutu upya. Kwa hivyo angalia ukataji wa hiyo ya babu: ni wa kiwandani au ni wa msumeno wa nyuma ya nyumba? Magazini ya risasi tano inanipa matumaini.

Mzee_Makupa

Nyinyi mnazungumza vyuma. Niacheni mimi nizungumze watu.

Patterson aliyewaua wale simba wala watu wa Tsavo mwaka 1898, wakati reli inajengwa, bunduki iliyomfaa zaidi ilikuwa 303. Ile kubwa aliyoazimwa ilimwangusha, haikulia. Bell naye, yule Mskoti wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa Mauser ndogo ya milimita 7, kwa sababu alijua ubongo ulipo. Na Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka hapa Mombasa Aprili 1909, katika mizigo yake mlikuwa na Springfield ya 1903, bunduki ya jeshi la Marekani iliyovishwa kitako cha kuwindia. Kwa hivyo kugeuza bunduki ya vita si ufukara wa baada ya vita. Rais mzima alifanya.

Sasa Mauser. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti ya moshi. Ukifyatua, moshi unakusengenya ulipo. Baada ya Waingereza kushindwa Tanga Novemba 1914 waliacha nyuma mamia ya bunduki, na askari wa Mjerumani wakazichukua. Aprili 1915 meli ya Rubens ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imejifanya ya Kidenmaki. Manowari ya Kiingereza ikaipiga, ikazama maji ya kina kifupi, na Wajerumani wakaopoa bunduki mpya za 98 zaidi ya elfu moja pamoja na risasi zilizolowa maji ya bahari. Wakazifungua risasi moja moja, wakakausha baruti. Na waliposalimu amri Novemba 1918, wengi wao walikuwa wameshika bunduki za Waingereza na za Wareno.

Sisemi Mauser ya babu yako ilitoka huko. Nasema ina jamaa zake huko. Ukipita Ngomeni, Fort Jesus, tazama mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg uliowekwa pale pamoja na wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha Unguja Septemba 1914. Mimi ningechukua Mauser, na sababu yangu ni hiyo tu.

Fundi_Likoni

Shikamoo mzee. Hadithi ni tamu, ila ulimwenguni kuna Mauser 98 kwa mamilioni, na nyingi zilizogeuzwa zilifanyiwa kazi Ulaya baada ya vita kuu zote mbili, bunduki za jeshi zilipokuwa bei ya kutupa. Alama za mtutuni ndizo zitakazosema.

Mzee_Makupa

Marahaba. Alama zisome wewe mwanangu, macho yangu hayaoni tena.

Baharia_Mstaafu

Nitasema lisilopendeza. Kwa mkusanyaji, zote mbili thamani yake ilishuka siku msumeno ulipopita. Lee-Enfield yenye mbao zake zote na namba zinazofanana ndiyo inayotafutwa siku hizi, kwa sababu nyingi zilikatwa zikawa chache. Anayemiliki nzima na akafikiria kuikata leo, namwomba aache. Iliyokwisha kukatwa ni nyingine: hiyo itumie, hutaiharibu zaidi, na kazi nzuri ya fundi wa zamani ni ya kutunzwa yenyewe kama ilivyo. Msikubali wale wanaonunua vipande na kuivisha mbao za jeshi upya kisha wanaiita asilia.

Na kwa kuwa mnalinganisha, msisahau P14. Ni bunduki ya 303 iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya Waingereza katika vita vya kwanza, mwili wake una meno ya mbele na ndoano ya Mauser. Mafundi waliikata masikio yanayolinda kilengeo cha nyuma, wakapata mwili mpana wenye nguvu kiasi cha kubeba kaliba ya 375. Ndugu yake M1917 ni ya kaliba ya Marekani, 30-06. Kama babu angeacha hiyo, mjadala huu usingekuwepo. Springfield ya Roosevelt nayo tahadhari: zile za mwanzo, chini ya namba 800,000 kwa kiwanda cha Springfield, chuma chake kilipikwa vibaya na baadhi zilipasuka.

Jambo la mwisho ni chumvi. Fataki, vile viwashio vya kwenye kitako cha risasi, za risasi za zamani za jeshi huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Katika hewa ya Mombasa ukiiacha usiku mmoja umeikosa. Mafuta hayaitoi, yanaifunika tu. Maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha: mimina kwa birika kutoka chemba, kausha kwa kitambaa, ndipo utie mafuta. Mnaofikiri mafuta mazuri ya duka yanatosha, mtutu utawajibu.

Mpwani_Tanga

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Tanzania uwindaji ulifungwa 1973 ukafunguliwa 1978, kwa hivyo bunduki za aina hii bado zina kazi. Kwa pofu au swala, 303 na Mauser ya 8 zote zinatosha, mradi kichwa cha risasi kiwe cha kuwindia. Kile cha jeshi chenye ganda gumu kinatoboa na kupita, mnyama anakwenda kufia mbali na mateso. Kwa nyati, simba na tembo, sheria yetu ni 375 kwenda juu, Bell au si Bell.

Bi_Shabaha

Mzee Makupa, umesikia? Bell au si Bell.

Mwana_Kibokoni

Nawashukuru sana. Leo afisa aliniruhusu kuziangalia, akanisimamia muda wote, naye mwenyewe akavutiwa.

303: namba ya boliti inafanana na ya mwili. Ndani mtutu una giza kidogo karibu na chemba lakini mifereji inaonekana mpaka mwisho, na vishimo sikuona. Mbao zimekatwa vizuri, mwisho wake umechongwa na kupakwa rangi nyeusi, na chini ya mtutu karibu na ncha ya mbao kuna kipande cha ngozi kimewekwa.

Mauser: ndani inang'aa kama mpya, nilishangaa. Lakini S sikuiona popote. Juu ya chuma kumesuguliwa na kung'arishwa mpaka alama za jeshi zimefutika. Namba ya boliti ni tofauti na ya mwili.

Kwa moyo naipenda Mauser, ni nzuri kuishika. Muuzaji niliyemuuliza amesema 303 anaweza kuagiza, ya milimita 8 hakuahidi.

Fundi_Likoni

Hicho kipande cha ngozi ni cha mtu aliyejua. Ndicho kinachousukuma mtutu juu badala ya kile chuma kilichoondolewa, jambo alilolisema Bi Shabaha. Usikitoe.

Mauser usiipige mpaka mambo mawili yakaguliwe na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. La kwanza, apime upana wa mtutu, maana bila S huwezi kujua ni ya kabla ya 1905 au baada, na mng'ao hausemi kitu. La pili, apime nafasi iliyobaki kati ya uso wa boliti na kitako cha risasi. Boliti isiyo yake huenda ikafunga vizuri kabisa na bado nafasi hiyo ikawa kubwa kupita kiasi, na ganda likapasukia ndani. Ikipita vipimo vyote viwili, ni bunduki bora kuliko 303 yako, bila ubishi. Hapo sirudi nyuma.

Lakini leseni unaombea moja, na ya kupigia shabaha. Andika 303.

Baharia_Mstaafu

Naunga mkono. Na katika fomu eleza wazi ni urithi, uambatanishe leseni ya marehemu na barua ya familia. Tangu leseni zote zilipofutwa mwisho wa 2018 na kila mwenye silaha akahakikiwa upya, bodi ya leseni za silaha haipendi karatasi zenye mapengo.

Mzee_Makupa

Na Mauser je? Msiiache isagwe na vyuma chakavu. Waulizeni watu wa makumbusho kama wanaweza kuipokea kabla polisi hawajaamua.

Mwana_Kibokoni

Hilo nimelipenda, mzee. Kesho nakwenda kuwauliza, na fomu ya 303 naianza leo usiku. Bi Shabaha, ikitoka nitakutafuta klabuni unifundishe hiyo boliti.

Bi_Shabaha

Karibu. Risasi ununue wewe.